Shajara ya c4: miezi mitano ya kuanzia pembeni

Aprili 6

Nafungua daftari hili kwa sababu ya mchezo mmoja. Jumapili iliyopita kijana wa jirani, yuko kidato cha nne, alikuja barazani kwetu hapa Lindi mjini tukapanga sataranji. Yeye nyeupe, mimi nyeusi. Akaanza kwa kusogeza kitunda hadi c4, yaani chumba cha safu ya tatu kutoka kushoto kwa nyeupe (a, b, c), mstari wa nne kutoka upande wake. Nikasema moyoni, huyu kaniachia uwanja wa kati bure, nikauchukua: kitunda e5, kitunda d6, farasi wote wawili nje, mfalme ndani, yaani amejificha pembeni kwa kupishana na ngome. Saa nzima sikuliwa kitu, lakini kila nilipotaka kusogea palikuwa na jicho lake. Kisha kitunda changu cha b7 kikaanguka, mlango ukabaki wazi, ngome yake ikaingia. Nikampa mkono.

Usiku niliupanga mchezo upya kwa kumbukumbu nikitafuta nilipokosea. Sikupaona. Hilo liliniuma kuliko kufungwa kwenyewe. Nacheza sataranji mwaka wa tisa huu, na nikifungwa huwa naweza kuonyesha kwa kidole: hapa. Safari hii kidole hakikuwa na pa kutua.

Kwa hiyo mradi ni huu. Hadi mwisho wa Agosti, kila nikipata nyeupe naanza c4, na kila mchezo nauandika humu. Sitaki kukariri. Nataka nifike mahali pa kumweleza mjomba, ambaye maisha yake yote ni drafti, kwa nini mtu aanzie pembeni wakati mali yote iko kati.

Neno moja kuhusu majina. Kitunda ni kile ambacho wengi wanakiita askari, ile kete ndogo ya mstari wa mbele. Nalishikilia neno hili kwa mapenzi tu: ukivuka ghuba yetu kwa kivuko unakanyaga Kitunda, na tangu utotoni nikisikia jina la kijiji kile naona kete ndogo zimejipanga ng'ambo, zinatutazama.

Aprili 14

Leo historia, maana sipendi kutumia kitu nisichojua kimetoka wapi.

Ufunguzi wa c4 unaitwa wa Kiingereza kwa ajili ya Howard Staunton, Mwingereza aliyeutumia mwaka 1843 mjini Paris alipopambana na Mfaransa Saint-Amant. Staunton alishinda michezo 11, akafungwa 6, mingine 4 ikawa sare. Ni yuleyule ambaye umbo la kete tunazotumia leo, hata hizi za plastiki, linaitwa kwa jina lake. Lakini fundisho lililotawala baada yake lilikuwa lile nililolelewa nalo mimi pia: weka vitunda kati, ukae kati, aliye kati ndiye mwenye nyumba.

Miaka ya 1920 wakaja vijana waliolipinga. Richard Réti na Aron Nimzowitsch walisema kati unaweza kuitawala kutoka mbali, kwa maaskofu waliokaa kwenye mishazari mirefu, na kwamba vitunda vya mpinzani vilivyokimbilia mbele vinaweza kugeuka shabaha. Mwaka 1924, New York, Réti alimfunga Capablanca, bingwa wa dunia ambaye hakuwa amefungwa kwa miaka minane. Nimeupanga mchezo ule ubaoni. Réti aliweka askofu mmoja b2 na mwingine g2, akatulia. Kitunda chake cha d hakikufika d4 mpaka hatua ya 16. Nimeizungushia duara namba hiyo.

Katika mashindano hayohayo Réti alikutana na Lasker, bingwa wa dunia wa zamani, na hapo kuna picha ambayo sijaisahau tangu nilipoiona mchana: malkia mweupe kaenda kukaa a1, kwenye kona kabisa, nyuma ya askofu wa b2. Mjomba alipita akasimama.

"Mpwa wangu, huyu malkia anaadhibiwa?"

"Hapana mjomba. Fuata mshazari kwa kidole. Kutoka a1, b2, c3, d4, unafika wapi?"

Akafuata. "Hapa kwenye kitunda cheusi, e5."

"Basi yuko kati. Ila kakaa nyumbani."

Hakujibu, lakini aliendelea kusimama. Lazima niandike na hili: mchezo ule Lasker ndiye aliyeshinda, na mashindano yote akashinda yeye. Wazo zuri na mchezo ulioshindwa vinaweza kukaa kwenye ubao mmoja.

Mei 4

Michezo 11. Nimeshinda 3, sare 2, nimefungwa 6. Mingi ni ya usiku kwenye simu, bando likiruhusu, na ile ya Jumapili ya barazani.

Mwezi mzima nimekuwa nikisogeza c4 halafu nacheza kama mtu aliyezoea e4, natafuta shambulio la haraka kwa mfalme. Halipo. Leo nimefanya jaribio lililonifungua macho. Nimeondoa kete zote ubaoni, nikaacha nne tu za kwangu: kitunda c4, farasi c3, kitunda g3, askofu g2. Kisha nikajiuliza, hizi zinatazama wapi?

Kitunda cha c4 kinatazama b5 na d5. Farasi wa c3 ana njia nyingi, mojawapo ni d5. Askofu wa g2 yuko kwenye mshazari mweupe unaopita e4, d5, c6, unaishia b7 na a8. Zote tatu zinakutana d5. Hicho kitunda cha g3 kazi yake ni kumfungulia askofu dirisha tu.

Nilikaa nikiutazama ubao ule mtupu kwa muda. Ufunguzi wote umejengwa kuzunguka chumba kimoja, na chumba hicho kipo katikati. Kwa hiyo si kweli kwamba anayeanzia pembeni ameiacha kati. Ameichagulia chumba kimoja na kuelekeza nguvu tatu humo, bila kuweka hata kitunda kimoja pa kupigwa.

Baada ya hapo mambo yaliyokuwa fumbo yakaanza kujieleza yenyewe. Mfano, nyeusi akijibu e5, farasi f6, kisha akalazimisha d5 mapema. Nakula kwa kitunda cha c, anakula kwa farasi, naweka askofu g2, farasi wake anashikwa anaondoka kwenda b6. Nani kapata nini? Mimi nimetoa kitunda cha pembeni, yeye katoa cha kati. Vya kwangu viwili vya kati, d na e, bado viko nyumbani vizima, yeye kabaki na kimoja. Na safu ya c imenifungukia, ngome ikisogea c1 inaona mbali. Nikipata utulivu nasukuma a3 na b4, namfukuza farasi wake wa c6.

Anayejua ufunguzi wa Sisilia (nyeusi anajibu e4 kwa c5) ataona ni ule ule uliogeuzwa: nyeupe anacheza mpango wa nyeusi akiwa na hatua moja ya ziada. Hatua moja inaonekana ndogo. Kwenye mchezo wa polepole namna hii ni posho ya wiki.

Mei 25

Kusi linavuma, usiku baridi. Shambani kwa shangazi, Mitwero, tumemaliza kukata ufuta.

Naandika hapa kwa sababu kule shambani nilikuwa nawaza d4. Ufuta ukiukata mbichi, punje hazijajaa, ukiupima unalia. Ukingoja maganda yote yakauke shinani, yanapasuka yenyewe na punje zinamwagika ardhini, unabaki na majani. Kwa hiyo unakata maganda ya chini yanapogeuka rangi, unafunga matita, unayasimamisha yakauke, kisha unayageuza juu ya turubai na kuyapigapiga. Siku ya kukata haijaandikwa kwenye kalenda. Shangazi anatembea shambani, anashika ganda, analibonyeza, anasema bado, au anasema leo.

Kwenye michezo yangu mitano ya mwisho nimesukuma d4 kwenye hatua ya 6, ya 7, ya 7 tena, ya 9, na mmoja sikusukuma kabisa. Ile ya mapema yote ilikuwa mibichi: nyeusi alikula, nikala, farasi wangu akabaki d4 anapigwa na askofu wa g7, nikaanza kukimbia. Ule ambao sikusukuma, yeye ndiye aliyesukuma d5 na kunibana. Narudia kuitazama ile hatua ya 16 ya Réti. Kabla yake alikuwa ameshaweka mfalme ndani, maaskofu wote wawili mahali pao, ngome d1 nyuma ya kitunda hichohicho. Aliposukuma, kila kete ilikuwa inasubiri mlango ufunguke.

Ganda langu la kubonyeza sasa ni swali hili: kati ikifunguka sasa hivi, kete ya nani itafaidi kwanza?

Juni 9

Mnada wa ufuta umeanza, niko kwenye mizani ya ghala toka alfajiri. Michezo miwili tu wiki hii, yote sare, yote mifupi. Hakuna cha kusema.

Juni 22

Nimelipata kosa langu la Machi.

Nilikuwa naupitia mpangilio unaotokea mara nyingi sana: nyeusi anaweka askofu g7, mfalme ndani, d6, e5, farasi c6. Nyeupe anaweka farasi f3, mfalme ndani, d3, kisha ngome kutoka a1 kwenda b1. Nyeusi anasukuma a5 kuzuia. Nyeupe a3, kisha b4, vitunda vinaliana, kisha b5. Farasi wa c6 hana budi kuondoka.

Nikausimamisha ubao hapo, kwa sababu ndivyo hasa alivyonifanyia yule kijana. Na hapa kuna kitu kidogo ambacho siku ile kilinipita. Askofu wake wa g2 alikuwa amezibwa na farasi wake mwenyewe wa f3. Mimi niliona kimya, nikamtoa askofu wangu wa c8 kwenda e6. Naye akarudisha farasi, kutoka f3 kwenda d2. Farasi anarudi nyuma! Nilidhani amekosa cha kufanya. Kumbe mlango umefunguliwa: g2, f3, e4, d5, c6, b7. Farasi wangu alishaondoka c6, askofu wangu alishaacha kuilinda b7, na ngome yake ya b1 ilikuwa imesimama kwenye safu ya b.

Lakini kosa si kumtoa askofu peke yake. Askofu kwenda e6 ni hatua ya kawaida kabisa kwa nyeusi, ikiwa na sababu: malkia anafuata d7, kisha askofu h3, unamlazimisha yule wa g2 mbadilishane, mfalme mweupe anabaki bila mlinzi wake, halafu unaanza kusukuma f5. Mimi nilimtoa askofu bila kuwa na safari. Nimehesabu: kuanzia hatua ya 9 hadi ya 16 sikufanya lolote ila kungoja. Hatua nane, kila moja peke yake haina ubaya. Ndiyo maana kidole kilikosa pa kutua.

Mjomba nilimwonyesha jioni, hatua kwa hatua, b4, b5, farasi d2. Alinyamaza kisha akasema, "Bandu bandu." Hakumalizia, hakukuwa na haja.

Na dawa ya nyeupe dhidi ya askofu h3 nimeijua leo pia, ninaipenda mno. Sogeza ngome kutoka f1 kwenda e1 mapema. Askofu mweusi akija h3, wa kwako harudi f1 wala habadilishani, anaingia h1. Kona ile ile, mshazari ule ule. Ngome ikiwa bado f1, askofu akienda h1 ngome inaliwa. Ikiwa e1, askofu mweusi pale h3 anabaki anatazama hewa.

Julai 6

Nimefungwa vibaya na lazima niandike kwa ukamilifu.

Mpinzani ni fundi seremala wa Mingoyo, mtu mpole anayecheza haraka haraka. Nilikuwa na nyeupe, nikapata kila nilichokipanga: ngome b1, b4, b5, farasi wake akaenda e7. Nilifurahi, nikaendelea kula upande wangu. Yeye akasukuma f5, kisha f4, kisha g5. Nilikuwa nimeshakila kitunda chake cha b7 alipoleta farasi f5 akaenda h4, kitunda changu cha g3 kikavunjika, na malkia wake akaingia. Nilikuwa na vitunda viwili zaidi. Mfalme wangu hakuwa na haja navyo.

Alipokuwa anakusanya kete akaniambia, "Dada, ulikuwa unavuna huku nyumba inaungua."

Usiku nikaupanga mchezo wa Belgrade, 1970, Larsen wa Denmark mwenye nyeupe na Spassky, bingwa wa dunia wakati ule, kwa sababu nilitaka kujua hata wakubwa yanawapata. Larsen alianzia pembeni zaidi yangu, kitunda b3, na ufunguzi ule hadi leo una jina lake. Spassky akajaza kati. Farasi wa Larsen alifika f3 akafukuzwa na kitunda kilichosukumwa e4. Mfalme wake hakuingia ndani kamwe, akabaki kati. Kwenye hatua ya 14 Spassky alitoa ngome nzima, akaiweka h1, ili tu kitunda chake cha g3 kipate nafasi ya kusonga g2. Hatua ya 17 yote yamekwisha.

Niliyoyaandika ubavuni mwa ukurasa: anayekushambulia pembeni mjibu katikati. Seremala aliposukuma f4, vitunda vyake vilikuwa vimeacha d5 na e4 bila mlinzi wa maana. Nilikuwa na d4 mkononi, ganda limekauka kabisa, sikulibonyeza.

Julai 20

Michezo 34 hadi sasa. Kushinda na kufungwa vimeanza kulingana.

Jambo la wiki hii ni kwamba c4 si ufunguzi mmoja. Ni mlango wenye vyumba vingi nyuma yake. Nyeusi akijibu e6 kisha d5, ukisukuma d4 umeshaingia kwenye ufunguzi wa malkia wa kawaida. Mwaka 1972, Reykjavik, Fischer, Mmarekani ambaye karibu maisha yake yote alianza e4, aliucheza mchezo wa sita dhidi ya Spassky kwa c4, kisha ukageuka hivyo hivyo. Akashinda, na Spassky mwenyewe akampigia makofi.

Kwangu somo lake ni la vitendo. Nikisogeza c4 lazima niwe tayari na nyumba zote ambazo mpinzani anaweza kunipeleka, au nijue njia ya kuzikwepa. Nimechagua kukwepa baadhi. Nyeusi akikaa na g6 napanga ule mpangilio unaoitwa kwa jina la Botvinnik, bingwa wa dunia wa zamani: c4, farasi c3, g3, askofu g2, kisha e4 na d3. Hapo d5 nimeishika kama kufuli. Gharama yake ni chumba cha d4: kitunda cha c na cha e vimeshapita, hakuna kitunda kitakachowahi kumfukuza farasi mweusi akitua pale. Farasi wa pili anawekwa e2 badala ya f3. Anailinda d4 vilevile kama angekuwa f3, ila anakiacha kitunda cha f huru kusukumwa f4. Wiki mbili nilikuwa namweka f3 kwa mazoea, na wiki mbili farasi mweusi alikaa d4 kama mwenye hati ya kiwanja.

Agosti 10

Nimeutafuta mchezo wa 24, wa mwisho, wa Seville, 1987, kati ya Kasparov, bingwa wa dunia, na mpinzani wake Karpov, na nimeupitia mara nne. Karpov alikuwa anaongoza pointi 12 kwa 11. Kasparov akitoka sare anavuliwa ubingwa, lazima ashinde. Mtu angetegemea aje na mapanga. Alianza c4, farasi f3, g3, b3, maaskofu wote wawili kwenye mishazari. Kitunda cha d kilikwenda kwanza d3, na d4 ikaja hatua ya 15.

Kumi na sita kwa Réti, kumi na tano kwa Kasparov. Si kanuni, najua. Ila nimeziandika pamoja kwa sababu wote wawili kabla ya hatua ile walikuwa hawajadai chochote. Kasparov alishinda, ikawa 12 kwa 12, akabaki na taji. Siku ambayo alihitaji ushindi kuliko siku zote, aliamua kwamba ubao uliojaa kete na wenye kazi nyingi mbele ungempa nafasi zaidi ya ubao uliofunguliwa haraka. Nimelifikiria hilo sana nikiwa kwenye mizani.

Agosti 24

Kijana wa jirani amerudi likizoni.

"Shikamoo dada. Nasikia siku hizi unacheza c4."

"Marahaba. Kaa hapo. Leo mimi nyeupe."

Mjomba akasogeza kiti chake karibu. C4, e5. Farasi c3, farasi f6. G3, na kijana akafikiri, akaweka askofu b4. Askofu g2, mfalme wake ndani. Tuliendelea hivyo bila haraka. Hatua ya 11 alinipa nafasi ya kusukuma d4 na mkono wangu ulishafika juu ya kitunda. Nikajiuliza lile swali langu, nikaona ngome yake imeshakaa e8, kati ikifunguka itafaidi yeye. Nikaurudisha mkono, nikasogeza ngome e1. Mjomba alikohoa kidogo.

D4 niliisukuma hatua ya 19. Vitunda vikaliana, safu zikafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili niliziona kete zangu zote zinatembea kwa pamoja. Nikapata kitunda kimoja cha ziada upande wa b. Ilibaki ngome kwa ngome, na kijana alilinda vizuri sana, mfalme wake mbele ya kitunda changu hatua zote. Hatua ya 52 tukapeana mikono, sare.

Baada yake mjomba alitaka kuiona tena ile hatua ya 11. Nikarudisha kete. Akaitazama d4, akaitazama ngome ya e8, akapima kwa kidole umbali wa kati.

"Ulingoja hatua nane."

"Nane, mjomba. Lakini hizi zilikuwa na kazi." Nikamwonyesha moja moja: ngome e1, a3, b4, askofu b2, farasi d2, ngome c1, e3, malkia b3.

Kazi iliyobaki: nyeusi akijibu c5, tukawa kama tunatazamana kwenye kioo. Michezo 7 ya namna hiyo, nimeshinda mmoja tu. Ukurasa mpya unaanzia hapo, Jumamosi.